Kisu cha babu cha mwaka 1937: elfu thelathini au milioni na nusu?

Swali limetoka kwa binti mmoja wa Mbagala, nalifupisha kidogo: "Shikamoo mzee. Babu mzaa mama amefariki, enzi zake alikuwa askari wa Keya, lile jeshi la Mwingereza la King's African Rifles. Kwenye kasanduku kake ka bati tumekuta kijisu cha kukunja, upande mmoja kina picha ya mfalme na malkia na taji, upande wa pili maandishi ya kutawazwa na tarehe 12 Mei 1937, tunaambiwa alipewa na bosi wake mzungu. Mjomba kaniletea skrinshoti, mtu anakiuza kama hichohicho mtandaoni kwa pauni 450, anasema huyo ni yule mfalme aliyejiuzulu kwa hiyo ni adimu. Jamaa wa Kariakoo anayenunua vitu vya kale kasema elfu thelathini. Kaka anataka fundi akipige msasa king'ae ndo tukiuze. Kuna na kingine kikubwa, cheusi, kizito, kibaya, kina msumari mnene nyuma, hicho nampa mlinzi wetu. Nishauri."

Marahaba mwanangu, na poleni sana na msiba. Kabla hatujafika kwenye bei, mpigie kaka yako sasa hivi mwambie asiende kwa fundi yeyote, na mlinzi naye asubiri kwanza. Ukishampigia ndo uendelee kusoma, nna sababu zangu.

Haya. Picha zako nne nimezipata wasapu nimezikuza mpaka simu imepata moto. Tuanze na nani yuko kwenye kisu maana hapo ndo mjomba amepotea, na hajapotea peke yake, nilishapotea hapohapo na mimi tena kwa hela yangu. Tarehe 12 Mei 1937 ilipangwa kuwa siku ya kumtawaza Edward wa Nane. Huyo alishika kiti Januari 1936 baba yake alipofariki, ikafika Desemba mwaka huohuo akaachia ufalme ili amuoe yule mama wa Kimarekani aliyewahi kuachika, taji likaenda kwa mdogo wake, George wa Sita. Sasa maandalizi yalikuwa yameshaanza, tarehe wakaiacha ileile, wakabadilisha mtu tu. Ndo maana utakuta visu, vikombe, makopo ya chai, vyote vina tarehe 12 Mei 1937 ila sura ni za watu wawili tofauti. Tarehe peke yake haikwambii kitu.

Kuwatofautisha ni rahisi. Edward alikuwa hajaoa, kwa hiyo kwenye vitu vyake yuko peke yake, na herufi zake ni E na R na namba VIII ya Kirumi katikati. Ukiona mfalme na malkia pamoja na 1937, huyo ni George wa Sita na mkewe Elizabeth, mama yake yule malkia Elizabeth tuliyemzoea sote. Chako kina watu wawili, na kwenye picha ya pili naona G na R chini ya taji. Imeisha hiyo, sio aliyejiuzulu. Na kwa faida ya wengine wanaosoma: ukikuta mfalme mwenye ndevu basi uko nyuma zaidi, ama Edward wa Saba, yeye ni 1902, ama George wa Tano ambaye alitawazwa 22 Juni 1911 na mwaka 1935 akafanyiwa sherehe ya miaka 25 ya kutawala, visu vilitoka mara zote mbili. Malkia peke yake, kijana, ni 2 Juni 1953. Hao wa 1902 wana kamchezo kazuri, mfalme alikuwa atawazwe tarehe 26 Juni akaugua kidole tumbo akapasuliwa, sherehe ikasogezwa mpaka 9 Agosti, bidhaa zilishachapwa zote na tarehe ya Juni. Kwa hiyo yenye tarehe ya Juni, ile ambayo sherehe haikufanyika, ndo imejaa, na ya Agosti ndo unaitafuta kwa tochi. Watu wanadhani kinyume chake.

Na hata kingekuwa cha Edward usingekuwa tajiri. Huyo bwana viwanda vilikuwa na karibu mwaka mzima wa kutengeneza vitu vyake kabla hajaondoka, vikauzwa, na alipoondoka ndo watu wakakimbilia kuvinunua na kuvificha wakijua vitapanda. Kitu ambacho kila mtu amekificha akisubiri kipande bei hakipandi, ni kama zile kanga za sherehe ambazo kila mama kanunua doti akaiweka sandukuni haijavaliwa. Mi nilipoanza hii biashara nilinunua visu sita vya Edward kwa mpigo kwa jamaa mmoja aliyenihadithia hiyohiyo hadithi ya mjomba wako, nikatoa hela ambayo ilikuwa ya kodi ya chumba. Vinne bado ninavyo. Mama watoto akitaka kunikera ananiuliza bei ya soko ya Edward leo ikoje.

Sasa twende kwenye chuma chenyewe maana picha ya mfalme ni urembo tu, kinachokwambia kisu ni cha nani ni maandishi yaliyogongwa pale bapa linapoingia kwenye mpini. Kifungue nusu, kishike juani kwa mshazari, sio jua likipiga moja kwa moja bali likipita kwa ubavu, herufi zitatoa kivuli zionekane hata kama zimeliwa. Kama huna lenzi kaazime ile ya fundi saa. Kwenye picha yako ya tatu naona R, I, C, H, halafu kutu, halafu chini SHEFF. Hao ni Richards wa Sheffield, Uingereza, walianza kwenye miaka ya 1930 na alama yao ni taa ndogo ya barabarani, ukifuta vumbi taratibu na kitambaa kikavu nadhani utaiona. Walikuwa wanatengeneza visu vya bei poa kwa wingi wa kutisha, mpini ni bati limegongwa chapa na kukunjwa likafunika fremu, ndani patupu. Gonga na ukucha utasikia kinalia kama kopo. Visu vya namna hiyo kule kwao walinunua watalii, watoto, na kuna miji ilikuwa inawagawia watoto wa kiume shuleni siku ya sherehe. Kwa hiyo chako ni cha kweli kabisa, umri wake ni huohuo unaosomeka, sio feki. Ila cha kweli na adimu ni vitu viwili.

Ingekuwa pale pameandikwa Joseph Rodgers, na nyota na ule msalaba wa Malta pembeni, na mpini ni wa ile ganda ya lulu inayong'aa rangi rangi, ningekwambia usimwoneshe mtu yeyote mpaka nije mwenyewe na daladala. Ama Wostenholm, hao wanaandika I*XL. Hayo ni majina ya Sheffield ambayo mkusanyaji anasimama kuyaangalia hata kama kisu hakina mfalme. Na kwenye hivyo vya zamani utaona herufi zimegongwa na taji kwenye chuma, ukikuta V na R ni zama za malkia Victoria, yaani kabla ya Januari 1901. Kisu kisicho na jina la nchi popote mara nyingi kinaweza kuwa cha zamani sana kwa sababu sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890 ndo ilianza kulazimisha bidhaa zinazoingia kule ziandikwe zimetoka nchi gani, ila usiitegemee kama msahafu, vya bei rahisi vya siku hizi navyo haviandikwi chochote. Ujerumani ya Magharibi ikiandikwa, basi kisu ni kati ya 1949 na 1990, hapo hamna ubishi.

Tofauti ya chapa ya kweli na ya kuchora: ya zamani imegongwa, chuma kimesukumwa, ndani ya herufi kuna giza la miaka na kingo zake zimelainika pamoja na chuma kilichozunguka. Feki nyingi zimechorwa juujuu kwa mashine, bapa limechoka ila herufi ni mpya kabisa kama jana. Hapo kimbia. Feki zilizojaa ni za majina ya biashara maarufu, za Coca-Cola ndo usiseme, na za Wajerumani wa enzi za Hitler.

Haya, hali ya kisu. Wakusanyaji wanakisikiliza kisu bana, sio kukiangalia tu. Fungua, unatakiwa usikie TAK, kifunge, TAK tena. Kama kinafunguka kimya kama mlango wa kabati bovu springi imechoka. Kishike bapa na vidole viwili ulitikise kushoto kulia, likicheza ribiti imelegea. Halafu angalia urefu: kifunge uone ncha inaishia wapi ndani ya mpini, na angalia kale kamfereji ka kuingizia ukucha. Bapa ambalo halijanolewa sana lina tumbo, lina nyama kati ya kamfereji na makali. Chako, samahani kusema, babu alikitumia. Kwenye picha ya nne kamfereji kamekaribia kabisa makali, ina maana karibu nusu ya chuma imeisha kwenye jiwe, nadhani alikuwa anakatia tumbaku au anamenyea machungwa, na mi binafsi nakipenda zaidi hivyo. Soko halipendi.

Na ndo nakuja kwa kaka yako na msasa wake. Ule weusi weusi wa kijivu kwenye bapa sio uchafu, ni ngozi ya chuma, inachukua miaka na haitengenezeki upya. Fundi akiweka grenda au brasso au ile wire ya kusugulia masufuria, dakika tano tu kisu kinang'aa kama kijiko cha hotelini na mfalme na malkia hawana pua, maana rangi ya kwenye hilo bati ni nyembamba kama ganda la kitunguu. Anayejua akikiona hivyo anakirudisha mezani hata hasemi kitu. Kutu nyekundu ndo adui, hiyo weka tone la mafuta ya cherehani, acha usiku mzima, asubuhi futa na kitambaa cha pamba, rudia siku tatu nne, basi. Mafuta ya kupikia usiweke, yanaganda kama gundi. Na usikirudishe kwenye kipochi cha ngozi ambacho najua mnacho kwa sababu kila mzee alikuwa nacho, kwa hewa yetu hii ya chumvi ngozi inavuta unyevu inaulaza juu ya chuma. Kiviringishe kwenye kitambaa kikavu cha pamba kiweke kabatini.

Kama kuna mtu anasoma hapa na kisu chake kina mpini unaoonekana kama plastiki ya zamani, yenye maua maua au picha iliyofunikwa kwa uwazi, kisugue na kidole mpaka kipate joto halafu nusa. Kikinuka kafuri hiyo ni seluloidi. Kikae peke yake mbali na visu vingine, kwa sababu seluloidi ikianza kuoza inatoa hewa ya tindikali inayokula chuma cha majirani wote, nimewahi kufungua droo nikakuta kisu kimoja kimewaambukiza kutu tisa. Na msikipime kwa sindano ya moto kama wanavyoelekezana, kinashika moto ghafla mno.

Na hili nalisema mara moja kwa sauti: mpini ukiwa mweupe wa asili, angalia vizuri kabla hujautangaza popote. Mfupa wa ng'ombe una vitundu na vimstari vidogo vyeusi kama umetobolewa na pini. Meno ya tembo hayana hivyo vitundu, yana mistari myembamba laini, na kwenye sehemu iliyokatwa inapishana kama chekecheke. Ukihisi ni meno ya tembo usiuze, usitume, usimpe mtu akakujaribie bei. Kwa sheria yetu ya wanyamapori ya 2009 hiyo ni nyara ya serikali, na kusema kilikuwa cha babu hakukutoi kituoni. Nenda wizara ya maliasili uulize. Chako ni bati, wewe lala usingizi.

Tukirudi kwenye pauni 450 za mjomba. Hiyo ni bei anayoiomba mwenye kitu, na kuomba ni bure. Mimi hata leo naweza kuweka hii sufuria yangu ya uji pale kwa pauni elfu moja na hamna atakayenizuia. Mwambie mjomba arudi palepale eBay, kwenye kuchuja achague vilivyouzwa tayari, aone watu wametoa shilingi ngapi kweli. Visu vya kutawazwa vya 1937 na 1953 vya aina yako ambavyo nimekuwa nikiviona vinauzwa ni pauni kumi, kumi na tano, ishirini kikiwa hakijaguswa na jiwe na rangi ipo yote, na cha bapa lililoliwa kama chako ni chini ya hapo. Pauni moja ni zaidi ya elfu tatu, piga hesabu mwenyewe. Halafu kumbuka hiyo ni bei ya mtu aliye Sheffield anayemuuzia mtu wa Leeds, wewe uko Mbagala, ukitaka kumtumia mzungu gharama ya posta peke yake inakula kisu chote na chenji unadaiwa wewe. Kwa hiyo jamaa wa Kariakoo hajakudhulumu, elfu thelathini ni bei ya kiungwana, pengine amekupa na ya huruma kidogo. Nisingetegemea kusema hivyo kuhusu mtu wa Kariakoo.

Wanaouliza visu vya kumbukumbu vya kisasa, vile vya boksi la mbao na cheti na namba yako kati ya elfu tano, nawajibu kwa kifupi: vilitengenezwa ili vihifadhiwe, na vyote vimehifadhiwa, basi. Vya Franklin Mint, kampuni ya Marekani ya vitu vya kumbukumbu, ndo mfano mzuri, watu walilipa hela nyingi wakiagiza kwa posta, leo vinaenda kwa bei ya kutupa. Bila boksi na karatasi zake shusha bei nusu. Case, watengeneza visu wa Marekani, ndo wanabadilisha mchezo kidogo kwa sababu umri unasomeka, mwaka 1970 walianza kuweka vidoti kumi chini ya jina na kila mwaka wakatoa kimoja, kwa hiyo cha 1976, mwaka waliosherehekea miaka 200 ya uhuru wao, utahesabu vidoti vinne. Cha uhuru kisicho na vidoti vinne kina maswali ya kujibu. Victorinox, vile visu vya Uswisi, vyenye nembo za makampuni mnavyogawiwa kwenye semina, hata kikiwa orijino, nembo ya kampuni inashusha bei, haipandishi.

Sasa kile kibaya cheusi. Mwanangu, hicho ndo kilichonifanya niandike haraka. Umesema kizito, kina msumari mnene nyuma, na kwenye pembe ya picha yako ya kwanza nakiona kinachungulia, mpini mweusi wenye michoro ya miraba midogo kama ngozi ya nanasi na pete ya kufungia kamba. Hicho ni kisu cha jeshi la Mwingereza, walipewa askari wa vita ya pili: bapa moja pana butu mbele, kifungulio cha makopo, na huo msumari ni wa kufungulia mafundo ya kamba. Kwenye chuma chake kunakuwa na jina la kiwanda, mwaka, na kialama cha mshale, mistari mitatu imekutana juu kama unyayo wa kuku. Huo mshale maana yake mali ya serikali yao. Vya miaka ya vita vilivyo kamili huwa naona vinaenda pauni ishirini, thelathini, arobaini, yaani mara mbili tatu ya huyo mfalme wako anayeng'aa. Hicho hakikutengenezwa kiwe kumbukumbu ya kitu chochote na ndo kimekuwa.

Na kuna zaidi. Askari wa Keya waliotoka huku walipelekwa mpaka Bama (Burma, siku hizi Myanmar) kupigana na Mjapani, na wengi wao walikuwa wanachora namba zao au herufi za majina kwenye mpini kwa ncha ya msumari ili mwenzake asikichukue. Kama namba iliyo kwenye kisu ni sawa na iliyo kwenye cheti chake cha kutoka jeshini, hapo umeacha kuwa na kisu, una kisu cha askari fulani mwenye jina, na kukiuza peke yake bila hizo karatasi ni kukivunja. Hadithi kwamba kile kidogo alipewa na bosi wake mzungu naiamini, ila haina karatasi, na mnunuzi halipii hadithi.

Kwa hiyo fanya hivi. Kidogo, mkitaka hela mpe jamaa wa Kariakoo leo kabla hajabadilisha mawazo, msipotaka kikae. Kikubwa usikifungue kwa nguvu kama kimekwama, weka mafuta ya cherehani kwenye maungio, subiri kesho. Kikifunguka nipigie picha chini ya kile kifungulio cha makopo, juani, kwa ubavu kama nilivyokuelekeza, na mpini pande zote mbili. Halafu tafuteni kwenye kasanduku ka babu chini kabisa, wazee walikuwa wanatandika gazeti halafu karatasi zao muhimu wanaziweka chini ya gazeti. Ukikuta cheti nipigie picha na hicho, namba tu inatosha, sura ya babu usinitumie kama hutaki.